Taka za treni zinashukia wapi?

Kwa zaidi ya miaka mia moja jibu lilikuwa jepesi: hazishuki, zinadondoka. Choo cha behewa kilikuwa tundu na bomba fupi linalotazama kokoto, na dirisha lilikuwa wazi. Mifupa na magunzi vilitoka dirishani, na kilichopita tumboni kilitoka kwa tundu. Treni ikifika mwisho wa safari ilikuwa karibu safi, kwa sababu njia yote iliyoachwa nyuma ndiyo iliyokuwa dampo, lenye upana wa mita chache na urefu wa nchi nzima.

Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa mazingira, zaidi viwandani, na nakiri reli inanitisha kuliko kiwanda chochote. Kiwanda kina ukuta, kina geti, kina bomba la majitaka ambalo unalifuata na chupa yako ukachota sampuli. Ukikuta kinamwaga mtoni unajua ni nani, ni mto gani, na ni halmashauri ipi ya kuandikiwa barua. Reli inapita wilaya baada ya wilaya, inavuka mito, inakata mashamba ya watu na mapori ya hifadhi, na uchafu wake uko mwendoni. Sheria nyingi za mazingira ukizisoma kwa makini utaona aliyeziandika alikuwa na kiwanda kichwani.

Hapa nitaizungumzia sana India. Nilisomea uhandisi wa mazingira Pune, na nimezipanda treni zao kuanzia daraja la kulala lenye feni darini na madirisha ya nondo, hadi daraja la kiyoyozi ambako unapewa shuka na blanketi. Ila sababu kubwa ni kwamba sijui shirika jingine la reli lililojaribu kubadili tabia yake ya uchafu kwa ukubwa ule, huku mahakama, wakaguzi wa hesabu na waandishi wa habari wakiandika kila kilichoharibika. Mtandao wao una njia za karibu kilomita 68,000 na stesheni zaidi ya 7,000, na kabla ya korona ulikuwa ukibeba abiria zaidi ya milioni 20 kwa siku. Halafu ni ndugu zetu kwa reli. Njia ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka huko, na geji yake, yaani upana kati ya reli mbili, ya mita moja ilitoka huko huko.

Kwanza, kisa cha fenesi, maana huwezi kuzungumzia vyoo vya treni za India ukakiruka. Mwaka 1909 abiria mmoja wa Bengal, Okhil Chandra Sen, aliwaandikia wakubwa wa reli barua ya malalamiko. Alikuwa amekula fenesi kupita kiasi, tumbo likamvuruga, akashuka stesheni ya Ahmedpur kujisaidia. Akiwa katikati ya shughuli, gadi akapuliza filimbi. Akatimua mbio, chombo cha maji mkono mmoja na nguo mkono mwingine, akaanguka mbele ya umati mzima wa wanaume na wanawake, na treni ikamwacha. Inasimuliwa kwamba barua hiyo ndiyo iliyofanya mabehewa ya watu wa kawaida yapate vyoo. Sijui kama barua moja ina nguvu hizo zote, lakini vyoo vikaja. Na vilipokuja vilikuwa matundu. Abiria alipunguziwa aibu, njia ya reli ikabebeshwa mzigo.

Mzigo huo si wa harufu tu. Mkojo na kinyesi vina chumvi, na chumvi inakula chuma. Vinavyoanza kulika ni vifungio vinavyoshikilia reli kwenye taruma, zile nguzo zinazolazwa chini ya reli, kisha kitako cha reli yenyewe, kule chini ambako macho hayafiki bila kuinama. Na mkagua njia, ambaye kila siku anatembea na nyundo na spana akiangalia kifungio kimoja baada ya kingine, anaambiwa ainame juu ya vitu ambavyo wewe na mimi tungeruka. Anainama mara chache kuliko inavyotakiwa. Hapo uchafu unageuka kuwa ajali.

Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 2012 tume ya usalama wa reli iliyoongozwa na Anil Kakodkar, mwanasayansi wa nyuklia, ilitoa ripoti baada ya mfululizo wa ajali. Pamoja na mambo ya ishara na madaraja, ikasema vyoo vya kudondosha vikomeshwe ndani ya miaka mitano, kwa sababu vinaozesha njia na kumzuia mkaguzi kuiona. Watu wa afya na mazingira walikuwa wamelilalamikia jambo hilo miaka na miaka. Katika kazi yangu nimeliona mara nyingi: ukienda kwa mkurugenzi na hoja ya mto, anakupa chai, ukienda na hoja ya chuma kinachooza, anaita mhasibu.

Sasa kuna mtu ambaye ripoti za uhandisi zilimtaja kwa pembeni tu. Stesheni kubwa za India zilikuwa na tatizo lao: treni inasimama muda mrefu, vibao vinasema choo kisitumike ikiwa imesimama, na watu wanatumia. Kwa hiyo kwenye njia nyingi zilizo kando ya majukwaa waliondoa kokoto wakamwaga sakafu ya zege yenye mtaro, ili pawe rahisi kuoshwa. Anayeosha ni mfanyakazi wa usafi mwenye mpira wa maji na ufagio, mara nyingi ameajiriwa na mkandarasi, na kwa sehemu kubwa anatoka kwenye jamii za Dalit ambazo mfumo wa matabaka umezitwisha kazi hiyo kwa karne nyingi. Mwanaharakati Bezwada Wilson na vuguvugu la Safai Karmachari Andolan walipiga kelele miaka mingi kwamba reli ya serikali ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa wa watu wanaozoa kinyesi kwa mikono.

Mwaka 2013 bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku kazi hiyo. Isome vizuri. Ndani yake kuna maelezo kwamba mtu anayesafisha kinyesi kwa kutumia vifaa na mavazi ya kinga yaliyoelekezwa na serikali hahesabiwi kuwa mzoa kinyesi. Mpe glavu na buti, kazi ni ile ile, njia ni ile ile, lakini kisheria ametoweka. Machi 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na vuguvugu hilo, ikaitaka reli iwe na mpango wenye muda maalumu wa kukomesha kazi hiyo kwenye njia zake. Ninapokutana na wenzangu wa fani hii wanaoamini uzingatiaji wa sheria ni kujaza fomu, huwa nawaelekeza kwenye kifungu kile cha glavu. Fomu ingejazwa vizuri sana.

Basi dawa ikapatikana jeshini. Shirika la utafiti wa ulinzi la India, DRDO, lilikuwa na maabara Gwalior iliyokuwa ikitafuta namna ya kuyeyusha kinyesi cha wanajeshi walioko kwenye milima ya barafu, ambako hakuna kinachooza. Walipata mchanganyiko wa bakteria wasiohitaji hewa, wanaofanya kazi hata kwenye baridi. Reli ikauchukua. Chini ya kila choo likafungwa tangi la chuma lililogawanywa vyumba, linafanya kazi kama tumbo la ng'ombe: mzigo unaingia upande mmoja, wadudu wanaukula taratibu, gesi inatoka, na maji yanayobaki yanapita kwenye klorini kabla ya kudondoka njiani. Treni yangu ya kwenda Delhi ilikuwa inapita Gwalior, na nilikuwa naona raha ya kipuuzi kujua kwamba wadudu waliokuwa kazini chini ya kiti changu walianzia maabara ya mji ule.

Kufikia miaka ya mwanzo ya 2020 walikuwa wamefunga vyoo hivyo zaidi ya 250,000 kwenye mabehewa zaidi ya 70,000. Ni kazi kubwa, na sipendi wanaoibeza. Lakini kilichotokea katikati ndicho kinachonivutia.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo tulipelekwa karakana moja ya kuhudumia mabehewa. Treni inaingizwa juu ya mtaro mrefu wa zege, wafanyakazi wanapita chini yake wamesimama wima, matangi yananing'inia usawa wa uso. Fundi aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, glavu za mpira zimemfika kwenye kiwiko. Alifungua mfuniko wa tangi lililoziba, akaingiza chuma chenye ndoano, akavuta. Ilianza kutoka chupa ya maji ya nusu lita, imebonyea. Kikafuata kitambaa, kisha vipakiti vya gutka, ile tumbaku ya kutafuna, vimeshikamana donge moja. Ikaja pempasi. Vikaja vikombe vya chai vya karatasi na pedi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa uangalifu wa mtu aliyeona haya. Harufu ilikuwa ya choo na klorini kwa pamoja, ya kuchoma macho. Fundi alivipanga vyote pembeni ya mtaro kwa mstari, bila kusema neno, kisha akatugeukia akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza: bakteria gani anakula hivi?

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa India alikuja kuliweka jambo hilo kwenye takwimu. Ripoti yake ya mwaka 2017 iliangalia vyoo vipatavyo 25,000 kwa mwaka wa fedha 2016-17 na kukuta kasoro karibu 200,000, zaidi ya nusu yake zikiwa za kuziba. Na sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Ndoo za taka hazikuwamo vyooni, au zilikuwamo na hazikumwagwa. Vikombe vya kuchotea maji havikuwapo. Sasa mama aliyesafiri siku mbili na mtoto mchanga, pempasi mkononi, ndoo hakuna, mlango unagongwa, afanye nini? Tundu ndilo lililo mbele yake. Lile la zamani lilimeza kila kitu, hata aibu yake. Jipya lina koo jembamba.

Wahandisi wa chuo cha teknolojia cha IIT Madras nao walipima maji yanayotoka kwenye matangi wakasema hayana ubora wa kuyatofautisha na ya shimo la kawaida la majitaka. Mimi nilivyoona, waliobuni matangi na wanaoyakosoa wote wana haki. Bakteria wanafanya kazi wakipewa muda na mzigo wa kawaida. Behewa la daraja la kulala lililojaa kupita kiasi wakati wa sikukuu ya Diwali halitoi muda wala mzigo wa kawaida. Siku hizi baadhi ya treni mpya zina vyoo vya kufyonza kwa hewa, kama vya ndege, vinavyotumia karibu nusu lita ya maji kwa kila kuvuta. Maji ni habari nyingine: behewa linabeba tangi lake, linajazwa stesheni fulani kwa dakika chache, na yakiisha katikati ya Madhya Pradesh saa tisa usiku hakuna teknolojia ya choo itakayokusaidia.

Mfereji ulipoanza kuzibwa upande wa choo, macho yakahamia dirishani. India ina mahakama maalumu ya mazingira, National Green Tribunal, iliyoundwa kwa sheria ya 2010, na mahakama hiyo imeiandama reli bila kuchoka: taka za plastiki kando ya njia, majitaka ya stesheni, vibanda vya wavamizi. Mwaka 2018 iliitaka reli ichague stesheni 36 za mfano zifuate mfumo wa usimamizi wa mazingira wa ISO 14001. Zaidi ya hapo likaja swali ambalo kwangu ndilo kiini: stesheni ni nini kisheria? Reli ilijiona ni chombo cha serikali kuu, kinachojitosheleza. Mahakama ikasema stesheni inayotumia maji kwa wingi na kumwaga majitaka inahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti uchafuzi ya jimbo husika, kama hoteli au kiwanda cha ngozi. Kwa maneno mengine reli ilikatwa vipande, kila kipande kikapewa anuani, kila anuani ikapewa mkaguzi. Lile geti ninalolilia mimi lilichorwa kwa kalamu.

Kwenye plastiki walifanya kama wengi tulivyofanya. Tarehe 2 Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa Gandhi, reli ikapiga marufuku mifuko myepesi ya plastiki ya kutumia mara moja kwenye maeneo yake, ikaweka mashine za kusaga chupa kwenye stesheni. Na wakarudi kwenye kikombe cha udongo. Lalu Prasad Yadav alipokuwa waziri wa reli mwaka 2004 aliagiza chai iuzwe kwenye kulhad, kijikombe cha udongo wa kuchoma kisichopakwa kitu, ikafifia. Novemba 2020 waziri wa reli wa wakati huo, Piyush Goyal, akaitangaza tena, akisema imeshaanza kwenye stesheni karibu 400. Chai ya kulhad ni tamu, ina harufu ya mvua ya kwanza, sibishani na hilo. Lakini hesabu ya kuni za kuchomea vikombe milioni kwa siku sijaona anayependa kuipiga, na kigae kinakaa ardhini muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mfinyanzi anapata kazi, hilo ni jema, na nadhani lilikuwa ndilo lengo hasa. Liitwe hivyo basi.

Mumbai wana kitu ambacho sikuwahi kukisikia kabla ya kwenda: treni za taka. Usiku, treni za abiria zikipungua, zinapita treni maalumu kukusanya matope, vifusi na takataka zilizofukuliwa kati ya njia. Sehemu kubwa haikutoka kwenye treni kabisa. Imetupwa na majirani, wale walioishiwa nafasi hadi ukuta wa nyumba unagusa njia, na ambao gari la taka la manispaa haliwafikii. Zisipoondolewa kabla ya mvua za masika makalavati yanaziba, maji yanapanda juu ya reli, na jiji la mamilioni ya watu linasimama. Anayeijua Dar es Salaam ya mwezi wa nne hahitaji kuelezewa. Reli inapokea taka kama inavyozitoa, na kumpiga faini jirani ambaye hana pa kutupa ni kumhamishia kalavati la mbele.

Na bado kuna dirisha. Kwenye mabehewa ya kiyoyozi vioo havifunguki, kwa hiyo taka zinabaki ndani, na wapo vijana wa usafi wanaopita na ufagio na mfuko mweusi. Ila mara kadhaa zimesambaa video za abiria zikionyesha mfanyakazi wa usafi akifungua mlango wa behewa, treni inakimbia, na kumwaga mfuko mzima nje. Watu wanatukana, reli inatoa tamko, mtu anafukuzwa. Mimi swali langu ni la stesheni iliyofuata: je, kulikuwa na mtu wa kuupokea ule mfuko? Ana dakika mbili za kusimama, jukwaa limejaa, pipa liko mwisho kabisa, na mkandarasi wa stesheni hana mkataba wa kupokea taka za mkandarasi wa treni. Mifuko sita imejaa na safari bado siku nzima. Sitetei. Nasema tu kwamba ukichora safari ya mfuko huo kwenye karatasi utakuta mlango ulikuwa kituo pekee kilichokuwa wazi.

Sasa tuje nyumbani Tanzania, maana kilichonifanya niandike haya ni reli yetu mpya. Tangu Juni 2024 treni za umeme zinakwenda Morogoro, na tangu Julai mwaka huo zinafika Dodoma. Madirisha hayafunguki. Ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana, na wengi wanalipokea kama suala la kiyoyozi tu. Zamani safari ya Reli ya Kati ilikuwa dirishani: kuku wa Saranda, asali ya Tabora, mkono unatoka na pesa, mkono unaingia na chakula, na mabaki yanarudi njia ile ile.

Nilikutana na mzee mmoja upande wa Kilosa aliyestaafu kazi ya gengeni, kukarabati njia. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kuhusu taka, akacheka.

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunajua treni ya abiria imepita au bado kwa kuangalia chini. Maganda ya miwa mabichi, imepita sasa hivi."

"Na mlikuwa mnaziokota?"

"Tuokote za nini? Mvua mbili, hakuna kitu, kuna mboga imeota. Hii chupa ndiyo imetuharibia. Ukipiga sururu kwenye kokoto unasikia inalia paa! Kokoto zikichanganyika na plastiki na udongo maji hayashuki. Na maji yasiposhuka tuta linalainika. Hilo waulize mainjinia."

Sikuhitaji kuwauliza, yuko sahihi. Kazi ya kokoto ni mbili, kubeba na kuchuja, na kokoto iliyozibwa haichuji. Kwa treni ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa, tuta laini si jambo la mazingira peke yake. Naona Kakodkar na mzee wa Kilosa wangeelewana bila mkalimani.

Kisheria tuko vizuri kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalazimisha mradi wa reli ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na baada ya hapo kuna ukaguzi chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mifuko ya plastiki tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, na kwa hilo tuliwatangulia wenzetu wa India kwa ukali. Lakini taka ngumu sheria imeziweka mikononi mwa serikali za mitaa. Treni inayotoka Dar es Salaam asubuhi inapita Pwani, Morogoro na kufika Dodoma ndani ya saa chache. Chupa iliyonunuliwa Dar, ikanywewa Ruvu, ikafagiliwa Kilosa, ni taka ya halmashauri gani? Jibu la haraka ni pale inaposhushwa, na hapo ndipo ukaguzi unapopaswa kwenda. Dodoma haina sababu ya kupokea taka za abiria wa nchi nzima bila mkataba na bila malipo, na ikizipokea kimyakimya zitaishia pale zisipoonekana.

Karakana ni habari rahisi zaidi, kwa kuwa ina ukuta. Vichwa vya dizeli vinatoa oili chafu, vichujio, betri za risasi, matambara yenye grisi, na hayo yana kanuni zake za taka hatarishi. Ugumu wa oili chafu hapa kwetu ni kwamba ina soko. Fundi wa paa anaitaka apake mbao mchwa wasile, mtu wa yadi ya mbao anaitaka, jirani anaitaka amwage uani kupunguza vumbi. Pipa linaweza kutoka getini kwa bei nzuri kuliko atakayotoa mkusanyaji mwenye kibali, na kila mtu akaondoka na furaha. Treni za umeme zitapunguza hilo kwa njia ambayo hakuna kampeni ingeweza, ila mtandao wa geji ya mita bado una dizeli na utakuwa nayo miaka mingi.

Kwa hiyo nikipewa siku moja ya kuikagua reli yoyote, ya kwetu au ya wengine, cheti kilichofungwa fremu ukutani nitakipongeza na kukipita. Nitaomba ratiba ya kusimama, nione ni stesheni zipi zina dakika za kutosha kushusha mifuko na kujaza maji. Nitaomba mkataba wa usafi wa ndani ya treni na ule wa usafi wa stesheni, niiweke sambamba, nitafute mstari unaosema nani anamkabidhi nani. Nitaingia chooni kuangalia kama kuna ndoo yenye mfuniko, na kama ipo, nitauliza inamwagwa na nani na wapi. Nitakwenda kwa mlezi wa stoo kuona kitabu cha oili, lita zilizoingia na lita zilizotoka. Mwisho nitaomba stakabadhi za gari la kunyonya majitaka: tarehe, ujazo, na muhuri wa bwawa lililopokea. Kama treni zinakwenda kila siku na stakabadhi ya mwisho ni ya miezi mitatu iliyopita, nitaomba tutoke ofisini, tukatembee chini ya mabehewa.